Nyimbo za Mvua za Mama Fumi

Niliingia jikoni kuosha mchele nikakuta kitu cheupe kinaning'inia dirishani. Kilikuwa kitambaa cha leso kuukuu. Ndani kimeviringishiwa pamba ikawa kichwa, shingoni kimefungwa uzi, chini kimeachwa kinapwaya kama kanzu. Macho mawili na mdomo vimechorwa kwa kalamu nyeusi. Nje mvua ya Rayners Lane, huku London, ilikuwa inanyesha ile ya kwake, nyembamba, isiyo na haraka, na nyuma ya uzio treni ya Metropolitan ikapita. Nilisimama na sufuria mkononi mpaka maji yakafurika nikamwaga mchele nusu kwenye sinki. Mimi simwagi mchele.

"Nani ametundika hiki?"

Mjukuu wangu Aika, miaka minane, alikuwa mezani anakula mkate. Mama yake alikuwa zamu hospitalini, na siku za zamu mimi ndiye ninayemchukua mtoto shuleni na kumlisha. Kiswahili anakielewa chote, hata kile ninachomsema nacho kwenye simu nikidhani amelala, lakini anajibu kwa Kiingereza. Kwa hiyo majibu yake nayaandika kama nilivyoyasikia mimi.

"Ni mimi na Emi. Emi wa darasani, mama yake Mjapani. Ijumaa ni siku ya michezo na mvua haitaki kuacha. Ukitundika hiki, jua linatoka. Kuna na wimbo."

"Kitoe."

"Kwa nini, Bibi?"

"Nimesema kitoe. Nyumba hii haitundiki watu madirishani."

Alipanda kiti akakitoa. Hakulia, hilo amelichukua kwangu. Alikikunja akakitia mfukoni mwa sketi ya shule, akasema bila kunitazama, "Basi nitamwambia Emi, bibi yangu anasema ni uchawi."

Neno hilo sikulitamka. Lakini mtoto alilisikia kwenye sauti yangu, na alisikia sawasawa. Akapanda juu chumbani kwake. Mimi nikabaki naokota mchele kwenye sinki, punje kwa punje, na umri wangu huu nikarudi kwenye kibaraza cha Mama Fumi, miguu imejaa tope.

Kwetu ni tambarare, chini ya Moshi, mahali ambapo mlima unauona vizuri lakini baridi yake huipati. Nilipokuwa mdogo Wajapani walikuja kutujengea mifereji ya zege ya kunyweshea mpunga. Kabla yao maji yalijiendea tu. Wao wakayawekea malango ya chuma yenye gurudumu la kuzungusha, na kila lango kufuli, na ufunguo wa kufuli hizo akapewa baba yangu. Alikuwa mgawa maji. Leo anafungulia watu wa kushoto, kesho wa kulia, kwa zamu. Ufunguo aliuvaa shingoni kwa kamba ya katani, hata kanisani. Kazi hiyo haiwezi kumfanya mtu apendwe na watu wote siku moja, na Baba hakuwa mtu wa kutafuta kupendwa.

Mama Fumi alikuwa mke wa fundi mkuu wa mifereji. Alipofika, wanawake walikwenda kumsalimu, wakamuuliza kwanza kabisa kama ana mtoto, maana bila hilo hawakujua wamwiteje. Akasema anaye mmoja, Fumi, yuko kwao kwa bibi yake kwa sababu ya shule. Basi akawa Mama Fumi siku hiyo hiyo, kwa mtoto ambaye hakuna aliyewahi kumwona. Kiswahili chake kilitoka kwenye kitabu. Nilikuwa nampelekea maziwa asubuhi, na yeye kila siku ananipokea kwa mikono miwili, anainama, anasema, "Ahsante sana. Naomba kujua hali ya ng'ombe." Nami namjibu kwa heshima kwamba ng'ombe hajambo, halafu nakimbia mpaka kwenye kona ndipo nacheka.

Mvua ikitukuta njiani tulikimbilia kibarazani kwake, sisi watoto wa upande ule, watano au sita. Hapo ndipo nilipopata utajiri wangu wa utotoni, na sijui niuseme vipi kwa sababu hauna kitu cha kushika. Bati linapigwa mpaka husikii mwenzio. Zege jipya limelowa, linanukia. Mama Fumi anatoka na beseni la maji ya vuguvugu tunaoshea miguu, na vikombe vya chai ya nafaka iliyokaangwa, ina harufu ya mahindi yaliyoungua kidogo, haina sukari hata chembe, na tunainywa hivyo hivyo. Halafu anaimba. Kwao, alisema, mvua ina nyimbo zake za watoto, kwa sababu inanyesha siku nyingi na mtoto hawezi kukaa bure. Mmoja ulikuwa wa kuruka madimbwi. Unapiga kofi, unaruka, unapiga makofi mawili. Wa pili ni wa mwavuli, mmoja wetu anakuwa mwavuli na wengine wanagombania kuingia chini yake. Tuliimba kila neno bila kujua hata moja, kwa nguvu zote, na bati likatujibu.

Wa tatu hakutufundisha. Wa tatu aliuimba mwenyewe, chini chini, amesimama dirishani anaangalia barabara. Niliushika kwa kusikiliza.

Siku moja nilikuta ametundika mtu mweupe wa kitambaa pale dirishani, akawa anauimba wimbo ule wa tatu. Nikaweka chupa ya maziwa chini.

"Huyu ni nani?"

Alitafuta maneno. "Fumi anakuja. Shule inafunga. Mvua nyingi, barabara mbaya. Huyu anaomba jua."

"Anamwomba nani?"

Akafikiri kweli, hakunidharau. "Sijui. Anaomba tu."

Barabara ile naijua. Ni udongo mweusi wa mfinyanzi, ukilowa unameza gurudumu la lori mpaka kwenye ekseli. Nikaona kidoli kimoja hakitoshi kwa udongo ule. Nilimtaka Fumi afike kuliko mama yake alivyomtaka, ndivyo nilivyojiona. Nilikwenda nyumbani nikakata pembe ya kitambaa cheupe cha Mama cha kujifunika kanisani, nikatengeneza wanne. Nikawatundika kwenye mjohoro nyuma ya zizi, na kila jioni kabla ya kufungia mbuzi nikasimama pale nikawaimbia wimbo wa tatu, bila kuruka neno.

Mvua ikaacha.

Siku ya kwanza nilitembea kifua mbele. Wiki ya kwanza nilifurahi lakini kimoyomoyo. Wiki ya pili kitalu cha mpunga kikaanza kugeuka rangi, kile kijani cha kung'aa kikawa kama majani ya chai yaliyotumika. Wiki ya tatu udongo ukapasuka, na kwenye mifereji yale maji ya Wajapani yakawa yamelala chini kabisa, kuku anavuka bila kulowa tumbo. Niliwatoa wale wanne mtini. Nikamwendea Mama Fumi nikamuuliza mvua inarudishwaje. Akacheka, akachukua kidoli chake akakigeuza kichwa chini, kanzu juu. "Hivi." Nikaenda nikawatundika wangu kichwa chini. Siku tatu, hakuna kitu. Nikajua nimeharibu kitu kikubwa na sina njia ya kukitengeneza.

Ninyi wenzangu mlio na nywele nyeupe mnajua hofu ya mtoto ilivyo. Haina mtu wa kuiambia, kwa hiyo inakua.

Kikao kikaitwa pale kwenye lango kuu. Mashamba ya mkono wa chini yalikuwa hayajapata maji kwa zamu mbili, na watu walikuwa na maneno yao tayari. Mama Penina ndiye aliyesimama. Alikuwa jirani yetu, alinibatiza kwa maana ya kunisimamia kanisani, na miche yake yote ilikuwa imekufa.

"Mgawa maji, tuambie. Maji ya zamu yangu yamekwenda wapi?"

"Hayajafika langoni," Baba akasema.

"Hayajafika langoni, lakini shamba la shemeji yako limelowa."

"Shemeji yangu yuko juu ya lango, Mama Penina. Wewe uko chini. Hata mwaka jana ulikuwa chini."

Watu wengine wakacheka, yeye hakucheka. "Leta ufunguo. Tumpe mtu asiye na shemeji."

Wakaanza kuitikia, mmoja, wawili, kisha wote. Lete ufunguo. Nilimtazama Baba. Aliushika ufunguo kifuani kwa kiganja kizima. Nilikuwa na wale wanne kwenye pindo la gauni. Nikapenya katikati ya watu nikawamwaga chini.

"Baba hajaiba maji," nikasema. "Mvua nimeifunga mimi. Kwa hawa."

Kila mtu anawaangalia wale watu wanne weupe wenye kamba shingoni. Mama Penina akachutama akanisogelea, sauti yake ikawa laini sana. "Mwanangu. Nani alikufundisha?"

Nikajibu kwa sababu niliulizwa. "Mama Fumi."

Nilisikia neno lile likipita kwa watu kabla sijamaliza kufunga mdomo. Uchawi. Mjapani ana uchawi, anatundika maiti dirishani, ndiyo maana mwanawe hakai naye.

Baba akavua ufunguo shingoni, akauweka juu ya zege la lango mbele ya wote. "Huo hapo. Atakayeutaka auchukue. Lakini kwanza twendeni juu tukatazame mto."

Walimfuata, wengine kwa hasira tu. Ni mwendo wa saa nzima. Nilikwenda nyuma kabisa. Na pale juu, mahali mto unapoingia mfereji wetu, tukakuta watu wa juu wamejenga ukuta wa mawe na migomba, wamegeuzia maji kwenye mashamba yao ya vitunguu. Kisha Mama Penina akafunga khanga kiunoni, akaingia mtoni, akang'oa jiwe la kwanza. Jioni ile maji yalishuka. Ufunguo ulikuwa bado pale juu ya zege, Baba akauvaa, hakuna aliyepinga.

Maji yalishuka, lakini maneno yalikuwa yameshafika nyumbani mapema zaidi.

Baba hakunichapa. Nilimngoja anichape. Alikaa mlangoni akachonga kijiti cha mkwaju, akakitia alama kwa kisu, moja kila upana wa kidole, akanipa. "Kuanzia kesho utapima maji langoni na mimi kila asubuhi. Utaniambia yamefika alama ya ngapi. Siku yakipungua tutatembea kuuliza kwa nini."

"Na Mama Fumi?"

Akapangusa kisu. "Lango hilo ulilifungua wewe. Mimi ufunguo wake sina."

Nilielewa, msidhani sikuelewa. Alitaka niende. Niende nikasimame mbele ya Mama Penina na wenzake niseme huyu mama hana kosa, halafu nipeleke maziwa kama kawaida. Sikwenda. Watoto wote wa upande ule walikatazwa kibaraza kile, na mimi nikajificha ndani ya katazo lao. Maziwa akapeleka kaka yangu, anaacha chupa getini.

Na Fumi akafika. Barabara ilikuwa kavu hivyo, gari lilipita likitimua vumbi. Alikuwa wa umri wangu, nywele zimekatwa sawa kama kwa rula, na jua lote lile amevaa buti za mpira za rangi ya njano. Nadhani mama yake alimwandikia kwamba huku mvua ni nyingi na kuna watoto wa kuruka nao madimbwi. Alikaa kibarazani wiki tatu nzima. Anakaa, anapiga buti zile pamoja, anaangalia njia. Asubuhi moja nilikuwa langoni napima maji akatokea ng'ambo ya mfereji. Ungeweza kumrushia punje ya mahindi akaidaka. Akainua mkono.

Nilichutama nikajifanya nasoma alama za kijiti. Nilisoma nne. Nakumbuka mpaka leo, ilikuwa alama ya nne. Nilipoinua kichwa alikuwa anarudi, na muda si mrefu wakahamishwa wote, na nyumba ile akapewa fundi mwingine asiyeimba.

Huo ndio utoto wangu. Darasa la nne nilitolewa shule nikalee wadogo zangu, na mengine mengi yalinipata, yamepita, siyahesabu. Ule mkono ulioinuliwa haukupita.

Basi nilipomaliza kuokota mchele nilipanda ngazi. Aika alikuwa kitandani na viatu.

"Vua viatu. Lete kile kitu."

"Utakitupa?"

"Nimesema kilete."

Tulishuka jikoni. Nilipanda kiti mimi mwenyewe, na magoti yangu haya, nikakitundika pale pale, nikakaza uzi. Halafu nikasimama dirishani nikauimba wimbo wa tatu mwanzo mpaka mwisho. Sauti imekwaruza lakini maneno yalitoka yote, yamejipanga kama yalivyoingia.

Aika alikuwa amefungua mdomo. "Bibi. Hiyo ni Kijapani?"

"Ndiyo."

"Unasema nini?"

"Sijui. Funga mdomo, nzi wataingia."

"London hakuna nzi."

"Wako. Wanasubiri wewe."

Ijumaa mvua ilinyesha kutwa, sikudanganyi, ile ya kulaza. Michezo ikafanyiwa ukumbini. Wakati wa kuchukua watoto tulikuwa tumejipanga getini, na mama yake Emi alikuwa mbele yangu na mwavuli unaoonekana ndani na nje. Mwaka mzima nilikuwa nampita mama yule kwa kutikisa kichwa. Nilikuwa na sababu zangu, nazo zilikuwa za kijinga. Nikaenda nikasimama chini ya mwavuli wake bila kukaribishwa. Nilimwambia mimi ni bibi yake Aika, na nina wimbo wa kwao nataka kujua unasema nini. Kiingereza changu ni cha kufagia maofisi, lakini kinafika.

Nikamwimbia. Kina mama wengine waligeuka. Wacha wageuke.

Alikunja uso, akaomba niurudie. Nikaurudia. "Huu siujui," akasema. "Nyimbo za mvua tulizofundishwa utotoni nazijua, huu haumo. Maneno mengine umeyapinda. Nadhani kuna mtu aliutunga nyumbani kwake." Akaniomba mara ya tatu, akafumba macho. "Hapa kuna konokono. Anaambiwa mvua ni yake, aifurahie. Lakini atembee pembeni, ampishe mtoto anayekuja. Mwisho wake ni mama, anangoja."

"Hauombi jua?"

"Hapana. Jua halimo kabisa."

Nikasimama pale. Mvua inapiga mwavuli, na mimi nimebeba kesi ya wimbo huo tangu nikiwa mtoto, na wimbo wenyewe haukuwahi kuifunga mvua ya mtu. Ulikuwa wa Fumi. Mama alimtungia mwanawe aliye mbali, basi.

Mama yake Emi akaniuliza kama sijambo. Nikamwambia sijambo, na kesho Emi aje kula kwetu, na yeye mwenyewe aje. Akasema hataki kutusumbua. Nikamwambia nimeshasema aje.

Walikuja Jumamosi, na mvua bado. Nilikuwa nimetoka asubuhi kwenye maduka ya Wahindi karibu na stesheni nikanunua mbaazi na nazi, nikapika wali vizuri, kila punje na njia yake. Emi alipofika mlangoni nilimtazama miguu. Buti zake zilikuwa za bluu. Wakatoka na Aika bustanini, wakaruka kwenye kidimbwi kile cha karibu na pipa la taka, na mimi nikawafundisha kofi moja, ruka, makofi mawili. Mama yake Emi alikuwa anaujua wimbo huo. Akatoka na yeye bila koti.

Mezani Aika akaangalia kidoli dirishani, kisha mvua. "Bibi, hakikufanya kazi. Tulikosea kukitundika?"

"Mvua ya London haimsikilizi mtu. Hamkukosea kitu. Kula."

Emi alikuwa anahangaika na uma, wali unamponyoka. Akasema jambo kwa sauti ndogo, mama yake akamkanya.

"Amesema nini?"

"Samahani sana," mama akasema. "Anasema wali wako haushikani."

"Wa kwetu haushikani," nikamwambia mtoto. "Tumia kijiko."

Akatumia kijiko. Akala akamaliza, akainua sahani kwa mikono miwili. Nikamwongezea.